Kipoza cha Gari la Maharusi

Mafundi wa Ndosho, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi kwa sababu niliweka clé, yaani spana, chini mwezi uliopita na mnadhani sasa nina nafasi. Nafasi ninayo. Magoti ndiyo sina, kwa hiyo naandika nikiwa nimekaa. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana ninyi wenyewe mnajua garaji zetu zilivyokuwa zikifunguliwa na kufungwa kila risasi zilipolia. Nitawaambia habari za boîte otomatiki, giaboksi inayobadilisha gia yenyewe, hasa ile moja ambayo ninyi na baba zenu mlitaka niitoe kwenye gari lake na kuweka ya mkono. Sikuitoa. Nasema tena hapa kwa maandishi, asiwepo wa kubisha nikishakufa.

Nilianza kazi mwaka ule wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka walipoijaza Goma mpaka lami ikawa haionekani. Nilikuwa nimeshuka kutoka Butembo juu ya lori la maharagwe, nikiwa na shati moja na ubishi mwingi. Mji ulijaa magari ya misaada, na baadhi yalikuwa ya otomatiki. Mafundi wengi waliyaogopa. Aliyekuwa hayaogopi ni Muzee Bahati, mtu wa milima ya Masisi, mfupi, mkavu, ambaye alizungumza kana kwamba kila neno analitoa mfukoni mwake. Ndiye aliyenipokea.

Siku ya kwanza hakunipa clé. Alinipa sahani nyeupe ya bati, akadondosha juu yake mafuta ya boîte mbili, tone moja huku na tone moja kule. Tone la kwanza lilikuwa jekundu na safi. La pili lilikuwa la kahawia. Alisubiri. Mimi pia nikasubiri, maana sikujua tunasubiri nini. Mwishowe akaniambia ninuse. La pili lilinuka sufuria ya maharagwe iliyosahauliwa motoni. Akaniuliza boîte ile ilikufa na nini, nami nikajibu kwa haraka ya ujana kwamba ni uzee.

"Kila kitu munasema uzee," akasema. "Ilikufa na joto. Joto njo inaua boîte, na joto iko na sababu. Tafuta sababu."

Kisha akanituma kusafisha shimo la garaji kwa wiki nzima. Nililisafisha huku nikimtukana moyoni. Lakini mpaka leo sijaifungua boîte yoyote kabla ya kudondosha mafuta yake kwenye sahani nyeupe, na ninyi mnaonicheka kwa hilo mmeharibu boîte zaidi yangu.

Miaka iliyofuata mnaijua. Lava ilipopita katikati ya mji ilichukua garaji yetu na magari manne yaliyokuwa ndani, moja likiwa halina hata magurudumu. Muzee Bahati alitoka na sanduku la clé kichwani na sahani kwapani. Tulifungua tena juu ya lava hiyo hiyo, mawe yakiwa bado na joto chini ya viatu. Baadaye wakaja watu wenye bunduki wakachukua jeki zetu zote, tukajifunza kuinua magari kwa magogo na mawe. Wakarudi wakachukua na magogo, sijui ya nini. Muzee alifariki kwa malaria katika moja ya miezi hiyo mibaya, wakati barabara ya kwenda kwao ilikuwa imefungwa, tukamzika hapa mjini. Sahani akaniachia mimi. Nililia sana siku ile, na sioni aibu kulisema.

Baadaye tulihamia Ndosho, na garaji ilipofungwa kwa mara ya nne nilichoka kubeba sanduku huku na huku. Nikahamishia kazi nyumbani kwangu Murara, kwenye parcelle yetu, kiwanja cha nyumba, kati ya jiko la mke wangu Kavira na kamba yake ya nguo. Kavira alikubali kwa sharti moja, kwamba tone la mafuta lisiguse shuka. Liligusa siku ya pili. Tuendelee.

Hapo ndipo alipokuja Mama Neema. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa Beni, na mali pekee ambayo ndugu za mume hawakuitaka ilikuwa gari la spoti la milango miwili, jeupe, refu mbele, fupi nyuma, lenye boîte otomatiki. Hawakulitaka kwa kuwa lilikuwa gari la kijinga kwa mji wetu. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi, na ardhi yetu ni lava. Mama Neema alilifikiria kwa siku tatu, kisha akalipatia kazi ambayo gari la spoti linaweza kuifanya Goma, ya kubeba maharusi. Mabibi arusi walilipenda. Kwa gari hilo alisomesha watoto wake, Neema akiwa wa kwanza.

Tatizo ni kwamba lilikuwa likifa katikati ya cortège, msafara wa maharusi. Mnajua cortège zetu: honi, mpiga video ametoa kiuno nje ya gari la mbele, na wote tunakwenda mwendo wa miguu ili mji mzima utuone. Baada ya nusu saa ya mwendo huo boîte ilianza kuteleza, injini inalia na gari haliendi. Mara mbili bibi arusi alishuka na kutembea juu ya mawe na gauni lake mkononi, watu wakitazama. Mara ya pili wakaanza kusema mambo.

"Batu banasema gari yangu iko na mukosi," Mama Neema aliniambia pale uani. "Nikipoteza jina, nimepoteza kila kitu. Papa Paluku, niambie ukweli, inapona ao haiponi?"

Nilichukua sahani. Tone lilikuwa la kahawia, na harufu ilikuwa ya maharagwe yale yale ya siku yangu ya kwanza. Nikamwambia mukosi hauna harufu, joto ndilo lina harufu, na gari litapona.

Habari ikafika Ndosho kabla ya jioni. Rafiki yangu Kasereka, fundi mzuri kuliko mdomo wake, alikuja kunishauri mbele ya watu kwamba nitoe otomatiki niweke boîte ya mkono, kama kila mtu mwenye akili. Alisema hapa ni Goma, vitu vya anasa havidumu, vita inakuja na kurudi, kwa nini nijitese. Maneno hayo yalinichoma. Tumezoeshwa kuambiwa kwamba vitu vizuri si vyetu, tuvitoe, tuweke cha hovyo kinachovumilia. Nikamwambia Kasereka kwamba gari hilo litapita mbele ya garaji yake likiwa na boîte yake, kwa mwendo wa miguu, na yeye atasimama kando lipite. Akacheka. Watu wakacheka naye.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Mafuta ya boîte otomatiki hutoka kwa bomba moja, hupita ndani ya radiateur, rejeta ya maji ya injini, yapoe, kisha hurudi kwa bomba la pili. Gari likienda mbio, upepo unafanya kazi. Likienda mwendo wa maharusi, upepo haupo, maji ya radiateur yenyewe yamechemka, na mafuta yanatoka pale yakiwa na moto karibu ule ule yaliyoingia nao. Dawa ni kipoza cha pembeni, cha mafuta peke yake. Nilikipata kwenye ambulansi iliyokufa, nikakisafisha kwa petroli mpaka kilichotoka kikawa kisafi kama kilichoingia. Kabla ya kukifunga, tafuteni bomba linalorudisha mafuta. Fungua moja, lielekeze kwenye chupa, washa injini kwa sekunde chache tu, uone upande upi unatema. Mafuta yapite radiateur kwanza, halafu kipoza, ndipo yarudi nyumbani. Mpira wa kuunganishia uwe wa mafuta. Mpira wa maji utalainika na kupasuka, na utapasuka Jumamosi, siku ya arusi. Weka klipu mbili kila upande. Kipoza kikae juu ya vipande vya mpira wa tairi, kisigusane na chuma, maana barabara zetu zitakitoboa kwa kutikisika tu.

Umeme haukuwepo wiki ile, nikatoboa matundu kwa drili ya mkono. Nilikifunga kipoza mbele kabisa, nyuma ya meno ya gari, ule wavu wa mbele unaoingiza upepo, mahali ambapo kila kitabu kingekiweka. Nikajaza mafuta mapya, nikapima kwa kijiti injini ikiwa ya moto na inanguruma, si ya baridi kama mnavyofanya ninyi. Kisha nikaliendesha njia ya kaskazini, nikapanda mpaka karibu na Rumangabo na kurudi. Lilipanda likiimba. Nilirudi nimevimba kichwa, nikapita Ndosho makusudi ingawa si njia yangu, nikampigia Kasereka honi.

Jumamosi iliyofuata likafa katikati ya cortège, mahali pale pale.

Niliitwa kwa simu nikaenda na pikipiki. Bibi arusi alikuwa amekaa ndani anafuta machozi asiharibu uso. Mama Neema alisimama kando akiwaomba wazee wa bwana arusi msamaha, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Nikazunguka mbele kufungua boneti, na hapo nikaona. Wapambaji walikuwa wametandaza kitambaa cheupe kutoka boneti mpaka chini, wakakikaza, wakafunga juu yake tai kubwa ya satini, maua ya plastiki, na picha ya maharusi ndani ya moyo wa kadibodi. Meno yote ya gari yalikuwa yamezibwa. Kipoza changu kilikuwa nyuma ya kitambaa, hakipati pumzi hata kidogo.

Ningeweza kuwalaumu wapambaji. Nilitaka sana. Lakini wao walifanya kazi yao kama wanavyoifanya kila Jumamosi mbele ya macho yangu kwa miaka. Nimecheza katika arusi za mji huu nisizoweza kuzihesabu, nimeyaona maua hayo, nimeyasifu. Mimi ndiye niliyelipima gari likiwa uchi, mlimani, kwa mbio, wakati kazi yake ni kutembea polepole likiwa limevaa. Muzee Bahati aliniambia nitafute sababu. Niliipata nusu nikaenda kupiga honi.

Nikarudi uani. Nilikitoa kipoza mbele, nikakishusha pembeni, ndani ya bawa mbele ya gurudumu la kulia, ambako hakuna mpambaji anayefika. Pale upepo ni mdogo, kwa hiyo nikakifungia feni ya umeme na swichi yake karibu na usukani. Chini nikaweka wavu wa kuzuia mawe. Kisha nikapachika saa ya joto mbele ya dereva, mshale wake ukionyesha moto wa mafuta ya boîte, ili tusingoje tena kuambiwa na harufu. Baada ya hapo nikamwomba Mama Neema alete mapambo yake yote. Tukalivika gari pale pale, tai, maua, moyo wa kadibodi, nikawasha injini na kutembea nalo uani mbele na nyuma, hatua tano huku na hatua tano kule, saa moja na nusu nzima. Majirani wakaanza kuingia. Wawili walikuja na sahani zao wakiuliza ni nani anaolewa na kwa nini hawakualikwa. Kavira akawapa chai ili waondoke. Mshale ulipanda mpaka nusu, ukakaa hapo.

Kwa miaka halikufa tena. Mama Neema alipata jina lake, na mimi nikapata ukimya wa Kasereka, ambao ni zawadi kubwa.

Sasa nifike siku yenyewe. Neema alikuwa amekua, na siku ya ndoa yake ilikuwa imepangwa; mchumba alikuwa mwalimu wa shule, kijana wa Masisi aliyekulia Ndosho. Misa ingekuwa huko Ndosho, magharibi mwa mji, na Neema angetoka kwa mama yake hapa Murara, jirani yangu. Wiki ile vita ikashuka tena kutoka milimani. Mabomu yalisikika upande wa Sake, na asubuhi ya Jumamosi barabara ya magharibi ilijaa watu wanaokimbilia mjini. Dereva wa Mama Neema alikuwa amevuka mpaka na watoto wake. Simlaumu. Wajomba walikaa sebuleni wakasema tusogeze ndoa mbele mpaka hali itulie. Neema alitoka chumbani akiwa amekwisha kuvaa gauni.

"Vita ilianza mbele nizaliwe," akawaambia wajomba. "Nikingoja iishe, nitaolewa na meno gani? Mwalimu anangoja kanisani. Papa Paluku, gari inaweza ao haiwezi?"

Wote wakanigeukia. Nilijua anachouliza. Kuingia katika umati ule, kwenda kinyume chake, mwendo wa mguu kwa mguu, bila nafasi ya kugeuza. Likifa pale, bibi arusi hana pa kushukia. Nikasema linaweza. Nilivaa koti la arusi juu ya ovaroli, kwa kuwa sikujua ni vazi lipi nitalihitaji, nikashika usukani mwenyewe.

Tulianza magari matatu. Kabla hatujatoka Murara mawili yakarudi. Tukabaki sisi, gari jeupe lenye maua, Neema kando yangu na mama yake amejikunja nyuma. Watu walikuja wakitujia usoni wakiwa na magodoro, mabidoni, mbuzi, watoto migongoni, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zilizobeba nyumba nzima. Niliona haya. Nilizima honi na nikataka tupite kimya kama wezi. Neema akanigusa mkono.

"Papa, piga honi. Hii ni ndoa, haiko mazishi."

Nikapiga. Nilidhani watatutukana. Mama mmoja mwenye godoro kichwani alisimama, akatutazama, kisha akapiga kigelegele hapo hapo, na godoro halikuanguka. Mwingine akamjibu. Wakaanza kusemezana kutoka mbele kwenda nyuma kwamba bibi arusi anapita, wamwachie njia. Njia ilifunguka, nyembamba, upana wa gari letu na kidole kimoja.

Karibu na soko chukudu yenye mbao ilivunjika mbele yetu, tukasimama. Dakika kumi. Mshale ukapita nusu, ukaendelea. Sijaogopa bunduki yoyote kama nilivyouogopa mshale ule. Nikaweka boîte katika N, isivute magurudumu, mguu kwenye breki, nikaongeza injini kidogo ili pampu isukume mafuta yapite kwenye kipoza, na feni ikawa inalia chini ya bawa. Andikeni hilo mahali: mkisimama muda mrefu, msiiache kwenye D, gia ya kwenda. Mshale ulisimama upana wa kucha kabla ya nyekundu. Ukakaa. Kisha, polepole, ukarudi. Mama Neema nyuma alikuwa anasali rozari na nadhani alikuwa anaisalia boîte.

Tulipita mbele ya garaji ya Kasereka. Alikuwa anafunga mlango kwa mnyororo. Alituona, akaacha mnyororo, akatembea mbele yetu mita mia nzima akiwasogeza watu kwa mikono.

Mwalimu alikuwa amesimama nje ya kanisa, suti yake imejaa vumbi la watu waliompita. Misa ilikuwa fupi, mabomu yakisikika wakati wa injili, na padri akapandisha sauti tu. Tulipotoka, kwenye ngazi alikuwa amekaa bibi mzee na wajukuu wawili, miguu yake imevimba, ametembea tangu alfajiri. Alikuwa anaelekea mjini, upande wetu. Neema alimtazama. Kisha akafungua mlango wa gari, akawaingiza watoto nyuma na bibi mbele, mahali pake mwenyewe, akafunga mlango juu ya maua.

Nilihisi hasira, nawaambia kweli. Kazi yote ile, matundu yale ya drili ya mkono, ili bibi arusi asitembee juu ya mawe. Mama yake alimshika mkono, akamwambia watu watasema gari limekufa tena.

"Mama, gari haikufa," Neema akasema. "Iko inatembea. Na mimi niko natembea."

Akakunja gauni lake, akamshika mumewe, wakatangulia mbele ya boneti. Mimi nikafuata nyuma yao kwa mwendo wa miguu, honi ikilia, umati wote sasa ukienda upande mmoja nasi, mpaka Murara. Tukawa cortège ndefu kuliko zote zilizowahi kupita katika mji huu. Mshale ulikaa katikati, njia nzima.

Nilipofika uani nilitoa kijiti, nikadondosha tone kwenye sahani ya Muzee Bahati. Lilikuwa jekundu. Bibi mzee akaniuliza natafuta nini humo, nikamwambia natafuta sababu, na leo haipo.

Gari bado liko hapa, na boîte ni ile ile. Jumamosi hii lina arusi. Clé zangu zote nawaachia ninyi wa Ndosho, hata ile ya namba kumi na tatu iliyopinda, na sahani pia. Lakini atakayekwenda kuigusa boîte ile ili aitoe, nitatoka hapa na magoti yangu haya, kwa mwendo wa maharusi ikibidi, nije nimtoe yeye.